Hesabu na wasiokuwepo

(Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya mbele ya waelimishaji rika na wahitimu wa vyuo, Mbezi Luis, Dar es Salaam. Tumeyachapa kama alivyoyasema, tukapunguza marudio tu. – Mhariri)

Najua wengine mmepanda daladala kutoka Kibamba na Kimara, wengine mmetembea kwa miguu kutoka Makabe na vumbi lote lile. Najua pia kwamba mliposikia mada ya leo ni takwimu, baadhi yenu mlitaka kugeuza. Msigeuze jamani! Sikuja na kanuni za kukariri. Nimekuja kuwaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, na namna nilivyoligundua nikiwa darasani nasoma takwimu kwenye shahada ya uzamili.

Wengi wenu mmeshawahi kubeba dodoso. Siku hizi kazi ya kwanza ya mhitimu mara nyingi ndiyo hiyo: unapewa kishikwambi, unapewa posho, unapita nyumba kwa nyumba. Unauliza, unajaza, unarudisha. Lakini je, umewahi kujiuliza majibu yale yanakwenda wapi, na yanaamua nini juu ya maisha ya watu?

RIPOTI ILIYOSIFIWA

Mwaka 2019 nilikuwa nimetoka kumaliza shahada ya kwanza, ya sosholojia. Nikapata nafasi ya kujitolea katika mradi mmoja wa afya ya vijana. Tuliendesha semina katika shule mbili za sekondari za kutwa, pembezoni mwa jiji. Mwezi Februari, kabla ya semina, wanafunzi walijaza dodoso kuhusu magonjwa ya zinaa, mimba na namna ya kujikinga. Mwezi Agosti wakajaza tena dodoso lile lile. Kazi ya kuandika ripoti nikapewa mimi, kwa sababu eti najua kompyuta.

Nikapanga fomu mezani. Kila fomu ya Februari nikaitafutia mwenzake wa Agosti kwa namba, maana majina hayakuandikwa. Zile zilizokosa mwenzake nikazitia kwenye boksi. Nilipoulizwa, nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba nimesafisha takwimu.

Zilizobaki zilipendeza mno! Majibu sahihi yalikuwa yamepanda katika karibu kila swali. Nikaandika na sentensi moja ambayo mpaka leo naikumbuka neno kwa neno: "Hakuna mshiriki hata mmoja aliyepata ujauzito." Wafadhili wakapongeza. Mimi nikapewa cheti.

Basi, ripoti ikafanya kazi yake. Mradi ule ulikuwa unamlipa muuguzi mmoja akae kwenye zahanati kila Jumamosi kwa ajili ya vijana tu. Msichana alikuwa anaweza kuingia bila kukutana na jirani wa mama yake kwenye benchi. Fedha zilipopungua, wakubwa wakatazama ripoti yangu. Semina zinafanya kazi, mimba hakuna, muuguzi wa nini? Jumamosi ile ikafutwa, semina zikaongezwa.

BOKSI LAFUNGULIWA

Miaka miwili baadaye nikaanza masomo ya uzamili. Somo la mbinu za takwimu lilikuwa la lazima. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole lakini hakuachii, alitupa zoezi la kwanza: kila mtu alete takwimu alizowahi kuzishughulikia yeye mwenyewe. Mimi nikapeleka ripoti yangu nikiringa.

Akaisoma kimya. Kisha akaniuliza, "Wanangu hawa walikuwa wangapi Februari?" Nikamtajia. "Na Agosti?" Nikamtajia. Akatoa namba moja kwenye nyingine, akasema, "Sasa hawa waliopungua wako wapi?"

Nikasema hawakuwepo siku ile. Akasema, "Hilo nimeliona. Nakuuliza wako wapi."

Nilikuwa bado nina lile boksi, uvunguni mwa kitanda. Usiku ule nikazitoa fomu nikazihesabu upya. Wasichana walikuwa wengi kuliko wavulana. Jumatatu nikaenda shuleni kuonana na mwalimu wa malezi, ambaye ndiye aliyetunza orodha ya namba. Akapita namba moja moja kwa kidole. Huyu alihama. Huyu utoro. Huyu alikwenda kwa shangazi yake Morogoro. Halafu akanionyesha namba nne, akasema bila kutaja majina, "Hawa waliacha kwa sababu ya ujauzito."

Wanne. Wakati ule msichana akishika mimba alikuwa anaondoka shule moja kwa moja. Serikali ilifungua mlango wa kurudi mwezi Novemba 2021. Kwa hiyo ile siku ya Agosti nilipokwenda na fomu zangu, wasichana waliopata mimba wasingeweza kuwepo darasani. Nilikuwa nauliza habari za mimba mahali ambapo mwenye mimba haruhusiwi kukaa! Sentensi yangu haikuwa na uongo, ila isingeweza kutoka vingine, hata kama wangekuwa arobaini.

WENZETU WA MWANZA WALIFANYAJE?

Nilipomweleza mwalimu, hakunigombeza. Alinipa karatasi ya utafiti nikasome, akasema nianze na sehemu ya waliokosekana. Naomba niwaeleze utafiti huo, maana ulifanyika hapa hapa nchini na ulisomwa dunia nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mkoani Mwanza, watafiti wa AMREF, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na chuo cha afya na magonjwa ya kitropiki cha London waliuliza swali moja. Je, tukitibu vizuri magonjwa ya zinaa ya kawaida katika vituo vya afya, maambukizi mapya ya virusi vya UKIMWI yatapungua?

Walichukua maeneo 12, wakayapanga jozi sita za maeneo yanayofanana. Katika kila jozi, eneo moja lilichaguliwa kwa bahati nasibu lipate huduma iliyoboreshwa: watumishi walifundishwa, dawa zikapatikana muda wote, na usimamizi ukawepo. Eneo la pili likaendelea na huduma ya kawaida, kisha nalo likaboreshewa utafiti ulipokwisha. Waliandikisha watu wazima 12,537, wakawafuata kwa miaka miwili.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1995. Kwenye huduma iliyoboreshwa, watu 48 kati ya 4,149 ambao mwanzoni hawakuwa na virusi walikuwa wameambukizwa. Kwenye huduma ya kawaida walikuwa 82 kati ya 4,400. Ni kama asilimia 1.2 na asilimia 1.9. Baada ya kuzingatia tofauti nyingine za maeneo, wakakadiria kuwa maambukizi yalipungua kwa kiasi cha asilimia 42.

Lakini mimi nilichokitafuta ni waliokosekana. Nao nikawaona wameandikwa waziwazi: kati ya wale 12,537, waliopatikana tena ni 8,845, yaani asilimia 71. Waliokosekana ni 3,692. Utafiti mkubwa, wenye sifa duniani, unakwambia mbele ya watu wote kwamba karibu watatu katika kila kumi hatukuwaona tena. Mimi na shule zangu mbili nilikuwa nimewatia wangu uvunguni.

WANAFUNZI 240 SI 240

Somo la pili lilinichukua muda kulielewa. Kwa nini Mwanza wanahesabu maeneo 12, wakati wana watu 12,537?

Fikiria unataka kujua watu wa Mbezi wanafanya kazi gani. Ukasimama alfajiri, ukapanda daladala moja ya Kariakoo, ukauliza abiria wote 30. Wengi watakwambia wanauza duka, wanabeba mizigo, wanachuuza. Umeuliza watu 30, lakini kwa kweli umeuliza daladala moja. Abiria wa gari moja wanafanana. Wanafunzi wa shule moja nao ni hivyo hivyo: mwalimu mmoja, uvumi mmoja, na wanaazimana majibu.

Takwimu za ngazi ya uzamili zinakufundisha kupima kufanana huko. Tuseme kila shule ina wanafunzi 120, jumla 240. Na tuseme kipimo cha kufanana kwao ni 0.05, ambacho ni kidogo tu. Unachukua 120, unatoa 1, unapata 119. Unazidisha kwa 0.05, unapata 5.95. Unaongeza 1, unapata 6.95. Sasa gawa 240 kwa 6.95. Jibu ni kama 35. Yaani wale wanafunzi wako 240 wanakupa habari sawa na watu 35 waliochaguliwa mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Niliandika ripoti ya watu wengi kumbe nilikuwa na shule mbili! Na hakukuwa na shule hata moja ya kulinganisha nayo. Miezi ile sita redio nazo zilisema, walimu wa baiolojia nao walifundisha. Nani alijua kama majibu mazuri yalitokana na sisi?

SASA TOENI SARAFU

Kila mtu atoe sarafu ya shilingi 200. Irushe mara kumi, uhesabu ni mara ngapi umepata upande wa Karume. Haya.

(Kelele, vicheko.)

Tuko 40 humu ndani. Nani kapata Karume mara 8 au zaidi? Mmoja, wawili… na wewe dada kule nyuma, tisa! Watatu. Je, hawa watatu wana mkono wa ajabu? Hapana. Uwezekano wa kupata 8 au zaidi katika kumi ni kidogo zaidi ya asilimia 5. Kwa watu 40, tulitarajia kama wawili hivi. Ni bahati tu.

Sasa fikiri kuna miradi 40 ya vijana nchini, na tuseme yote haifanyi lolote. Miwili mitatu itaonekana imefaulu sana, kwa bahati. Hiyo ndiyo itakayoandikiwa makala na kupigwa picha. Ile 37 itanyamaza. Ndiyo maana mtakwimu anauliza kwanza: kama kazi yetu haina nguvu yoyote, tofauti kubwa namna hii ingeweza kutokea mara ngapi kwa bahati? Kwa Mwanza jibu lilikuwa kama mara 7 katika 1,000. Na hawakusema asilimia 42 wakanyamaza. Walisema upungufu wa kweli unaweza kuwa kati ya asilimia 21 na asilimia 58. Mtu anayekupa namba moja tu, bila kukwambia ukingo wake wa chini na wa juu, hajamaliza kazi.

DAWA CHUNGU KWETU WAELIMISHAJI

Mngedhani baada ya Mwanza mambo yamekwisha. Hapana. Huko Rakai, Uganda, watafiti waligawa maeneo kumi, wakapeleka dawa za magonjwa ya zinaa majumbani kwa kila mtu, mara moja kila miezi kumi. Matokeo yakatoka mwaka 1999: maambukizi mapya ya virusi yalikuwa sawa pande zote mbili. Kwa nini? Wataalamu walieleza kwamba Rakai janga lilikuwa limeshakomaa, wenye virusi ni wengi zaidi kuliko Mwanza, na dawa za kupita mara moja moja si sawa na kituo kinachotibu kila siku. Jibu la mahali pamoja haliwi jibu la kila mahali.

Na hili linatugusa sisi hasa. Kuanzia mwaka 1999, mkoani Mwanza tena, uliendeshwa mradi wa MEMA kwa Vijana. Maeneo 20: kumi yalipata elimu ya afya ya uzazi katika darasa la tano hadi la saba, huduma rafiki kwenye vituo vya afya, na vijana wa kusambaza kondomu. Kumi yakawa ya kulinganisha. Ujuzi wa vijana ulipanda. Walivyosema juu ya tabia zao, napo palionekana nafuu. Lakini damu zilipopimwa, maambukizi ya virusi hayakupungua. Wakarudi mwaka 2007 na 2008, wakawapima vijana 13,814. Jibu likawa lile lile.

Mnaona? Kama wangeishia kwenye dodoso, kama mimi, wangesherehekea. Katika utafiti ule ule kulikuwa na vijana waliosema hawajawahi kufanya ngono, vipimo vikaonyesha vingine. Sikuambii uache kuelimisha. Mimi mwenyewe ndiyo kazi yangu. Nakuambia kujua ni jambo moja na kuweza ni jambo jingine. Msichana anayejua kila kitu lakini nauli yake ya kwenda shule inategemea kijana wa bodaboda, semina peke yake haimtoshi. Na bila wale walioandika matokeo machungu, tusingelijua hilo.

UNATAKA KUSOMA? ANZA HIVI

Wapo hapa mnaofikiria uzamili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha takwimu. Muhimbili wanafundisha epidemiolojia na takwimu za afya, na Moshi, pale KCMC, ni hivyo hivyo. Kule Changanyikeni kuna Chuo cha Takwimu Mashariki mwa Afrika, kilichoanzishwa mwaka 1965. Ushauri wangu ni huu:

Kwanza, nenda na swali lako. Wenzangu waliokuja bila swali walikariri kanuni, mtihani ukaisha, zikatoka. Mimi nilikuwa na wasichana wanne kichwani. Kila mbinu mpya niliiuliza: wewe ungeniambia nini juu ya hawa?

Pili, fanya kwa mkono kabla ya kompyuta. Chora jedwali, hesabu wastani wa watu kumi kwa kalamu. Kompyuta hukupa jibu hata ukiuliza swali la kijinga.

Tatu, jifunze programu isiyolipiwa. Iko inayoitwa R, iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman huko New Zealand miaka ya 1990. Inatumika dunia nzima na ni bure. Mwanzoni itakugomea usiku kucha kwa sababu ya mkato mmoja uliousahau. Usikate tamaa.

Nne, usisome peke yako. Sisi tulikuwa watano chini ya mwembe. Kila Jumamosi mmoja alisimama kuwafundisha wengine. Ukishindwa kumweleza mwenzako kwa Kiswahili, ujue bado hujaelewa.

MASWALI

Swali: Mimi nilipata F ya hesabu kidato cha nne. Naweza?

Jibu: Mimi nilipata D, na niliogopa kama wewe. Ukitaka kuingia chuo, kwanza uliza sifa wanazotaka. Ila kwa ajili ya kazi tunayoifanya hapa, hesabu kubwa ni ya kujumlisha, kuzidisha na kugawa. Kilichonitesa zaidi ni kufikiri kwa utaratibu, na huko tunafundishika wote.

Swali: Dada, watu wachache wanawezaje kusemea nchi nzima?

Jibu: Mpishi huonja mchuzi kwa kijiko kimoja, ila kwanza anakoroga. Utafiti wa afya ya uzazi wa mwaka 2022 ulihoji wanawake 15,254 nchi nzima. Maeneo 629 yalichaguliwa kwa bahati nasibu, na katika kila eneo kaya 26, pia kwa bahati nasibu. Huko ndiko kukoroga. Ndipo tukajua kwamba wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wameshazaa au wana mimba. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 27.

Swali: Ile ripoti ulifanyaje?

Jibu: Niliandika barua kwa mradi, nikaeleza kosa langu na zile namba nne. Walinishukuru. Jumamosi ya muuguzi haikurudi. Mradi wenyewe ulikuwa unakaribia kufungwa.

JUMATATU

Sasa la mwisho. Jumatatu mnaanza kupita nyumba kwa nyumba hapa Mbezi Luis, kwenye kaya zilizochaguliwa. Mtafika saa nne asubuhi mtakuta milango imefungwa. Jirani atakukaribisha: ana muda, ana kiti, ana maji ya baridi. Utashawishika umhoji yeye badala ya yule.

Usifanye hivyo. Aliyefunga mlango ametoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kariakoo, au anauza chakula pale stendi ya Magufuli na atarudi usiku, au ni binti anayefanya kazi za ndani hana ruhusa ya kufungua. Maisha yake si kama ya jirani aliyekaa nyumbani, na huenda yeye ndiye anayeihitaji zahanati kuliko wote. Rudi jioni. Rudi Jumapili. Rudi mara ya tatu. Ukimkosa kabisa, andika: kaya hii tuliifuata mara tatu, hatukumpata. Fomu yake usiitupe. Niletee mimi, na ndiyo nitakayoisoma kwanza.

Rudisheni sarafu zenu mfukoni, nauli hiyo.